Baka la Joto Juu ya Meza: Jeupe la Vanishi, Jeusi la Mbao

Baka la joto, yaani alama inayoachwa na sufuria au birika juu ya samani ya mbao, ni la aina mbili zinazotofautiana kwa kina: jeupe limo ndani ya vanishi, ilhali jeusi limekwisha kuivuka vanishi na kuingia katika mbao yenyewe.

Weupe huletwa na mvuke. Laka ya nitroselulosi, aina ya vanishi ambayo mafundi huizimua kwa thina na kuipuliza kwa mashine kwa kuwa hukauka upesi, hulainika ikipata joto. Hapo unyevu hupenya, na laka inapopoa hubaki na matundu madogo mno yanayotawanya mwanga mfano wa ukungu kiooni. Poliurethani, ambayo ikishaganda hailainiki kwa urahisi, hustahimili zaidi. Katika sebule za Isebania, mji wa Kenya unaopakana na Sirari ya Tanzania, kitambaa cha kufuma hupamba meza lakini hakiikingi na sufuria ya ugali, kwa kuwa joto hupita kwenye matundu yake. Nailoni ya kufunika meza nayo huufungia mvuke chini yake.

Kwa kuwa unyevu ndio chanzo, tiba ya kwanza ni kuutoa kwa joto dogo lililo kavu: kitambaa safi cha pamba hutandikwa juu ya baka, kisha pasi isiyo na maji, iliyowekwa kwenye moto wa chini kabisa, hupitishwa juu yake kwa sekunde chache, na kitambaa hufunuliwa kila mara ili kutazama. Weupe ukibaki, mafuta mazito ya kupaka huachwa juu yake usiku kucha, kwani hujaza yale matundu na kuupa mwanga njia ya kupita. Spiriti ni ya mwisho, nayo hupitishwa mara moja kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, baada ya kujaribiwa mahali pasipoonekana, kwa sababu inaweza kuiyeyusha vanishi.

Baka jeusi halisikii dawa hizo. Likiwa limetokana na chuma chenye maji kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo katika mbao nyingi, asidi ya oksaliki huweza kulififisha baada ya vanishi kubanduliwa, ingawa asidi hiyo ni sumu na huhitaji glavu. Likiwa ni mbao iliyoungua, hakuna asidi itakayolirudisha, bali msasa. Meza ya mninga mtupu huvumilia msasa na kupakwa vanishi upya. Meza ya plai, ambayo sura yake mara nyingi ni utando wa mbao usiofikia hata milimita moja, haina akiba hiyo: fundi akiukazania msasa, baka hutoka pamoja na mbao iliyolibeba.