Nyanza Ilifutwa Kitambo, Mbona Nyamira Bado Inaitwa Nyanza?

Kama umetoka Nyamira, lazima umewahi kuitwa mtu wa Nyanza. Sasa jiulize: ziwa lako liko wapi? Nyanza maana yake ni maji makubwa, na Nyamira haigusi Ziwa Victoria hata kidogo. Huku ni milima, majani chai na ndizi.

Jina lilitoka kwa Mkoa wa Nyanza, makao makuu Kisumu. Mkubwa wa mkoa alikuwa PC, na hukumpigia kura. Rais ndiye alimteua. Katiba ya 2010 ikafuta mikoa yote minane, na baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, kaunti 47 zikaanza kazi. Nyanza ikaacha kaunti sita: Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira, ambayo ni nambari 46. Gavana wake wa kwanza? John Nyagarama. Lakini jina halijafa, serikali kuu bado ina kamishna wa ukanda wa Nyanza.

Wafaransa nao walifanya kinyume. Januari 2016 waliunganisha Languedoc-Roussillon na Midi-Pyrénées, leo ni Occitanie. Sisi tulikata, wao wakashona.

Na kukata kuna noma yake. Cheki Keroka: mji ni mmoja, ila uko kwa mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti zote mbili zimeng'ang'ania ushuru wa hapo. Kama unauza mboga Keroka, Nyanza si shida yako. Wewe unataka kujua ni kaunti gani inakukatia risiti, na kama ndiyo hiyo itazoa taka.