Msaidizi Ndani ya Chanjo, na Adui Yake Barafu



Sisi wa pwani ya Lindi tunalijua joto. Chanjo zikivushwa kwa mashua kutoka Kilwa kwenda kisiwa cha Songo Songo, hofu ya kila mtu ni barafu kuyeyuka. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini ziko chanjo zinazoharibiwa na barafu yenyewe, na katika toleo hili tunaeleza sababu.

Tuchukue chanjo ya penta, inayowakinga watoto na dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na ugonjwa wa Hib. Ndani yake hamna vijidudu hai, bali vilivyouawa, vipande vyake na sumu zilizofubazwa. Hizo ndizo antijeni, yaani alama ambazo mwili hujifunza kumtambulia adui. Zikiwa peke yake, nyingi huamsha kinga kidogo tu. Kwa hiyo huongezwa msaidizi, aitwaye ajuvanti: chumvi ya alumini, jamaa ya shabu inayotumika kusafishia maji. Chumvi hiyo hushika antijeni, huwasha kidogo mahali pa sindano, na kuwaita askari wa mwili wazichukue hadi kwenye matezi. Ndiyo maana paja la mtoto huweza kuvimba kidogo.

Jambo hili liligunduliwa miaka ya 1920. Gaston Ramon wa Ufaransa aliona kwamba farasi waliovimba walipochomwa sindano walitoa kinga nyingi zaidi. Akachanganya chanjo na wanga wa muhogo, kinga ikaongezeka. Mwaka 1926 Alexander Glenny na wenzake huko Uingereza wakatumia shabu.

Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Zikiganda, chembe za alumini hushikamana mabonge, na zikiyeyuka hazirudii hali ya kwanza. Mtoto atachomwa, kadi itajazwa, lakini kinga huenda isitoshe. Alama ya kichupa inayobadilika rangi huonyesha joto tu, kuganda haikuonyeshi.

Basi tunaomba mambo mawili. Chupa za barafu zisiingizwe kwenye sanduku la chanjo mara zitokapo kwenye friza; zisubiriwe hadi maji yasikike ndani zikitikiswa. Na anayetoa jokofu kwa zahanati atoe na kipimajoto, kisha kamati iulize kama daftari la joto linajazwa asubuhi na jioni.

Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni anastahili chanjo inayofanya kazi.