Kijiwe Kinachofuata Mwezi

Mzazi wa mjini akimkosa mwanawe jioni husema amepotelea kijiweni. Huko Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Kigoma, kijiwe ni mwalo wenyewe, na ratiba yake hupangwa na mwezi.

Sababu ni dagaa. Wavuvi huwavuta usiku kwa taa, na taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani, na kukicha kuna dagaa wa kuanika. Kijana wa sekondari apataye kibarua hapo hushika shilingi zake mwenyewe. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hupumzika. Ndipo mwalo unapojaa soga, mpira na muziki wa ng'ambo, Kongo. Shilingi zile huishia kwenye kibanda umiza, kutazama sinema za Marekani na ligi ya Uingereza.

Ndugu msomaji, soga si uhuni. Hatari iko asubuhi. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa Januari 2016, lakini sare na daftari bado ni mzigo wa nyumbani. Kijana akizoea fedha ya alfajiri, kengele ya shule humpita.

Kuvunja vijiwe kwa virungu ni kuwahamishia vijana vichochoroni. Afadhali walimu, wazazi na wenye mitumbwi wakubaliane: kuanika asubuhi kuwe kazi ya watu wazima, na kuanua alasiri waachiwe wanafunzi. Kijiwe kibaki, na darasa lisibaki tupu.