Mhudumu wa ndege akibadilisha zamu, safari yako inabaki mikononi mwa nani?

MFANYABIASHARA anayepanda ndege Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe au Kigali kwenda kufuata bidhaa Dubai, Istanbul au Guangzhou huwa na mengi ya kuhakikisha kabla ya siku ya safari: tiketi, viza, kilo za mizigo na bei ya dola. Ni nadra kujiuliza kama wahudumu watakaompokea mlangoni mwa ndege ndio waliopangwa tangu mwanzo wa mwezi, au kama mmoja wao alibadilishana zamu na mwenzake jana usiku kwa kutumia simu.

Jambo hilo linamhusu kuliko anavyodhani. Kwa miaka mingi ratiba ya wahudumu wa ndege ilitoka ofisini, ikabandikwa ukutani, na aliyetaka kubadilisha siku alilazimika kumfuata ofisa wa ratiba na kumbembeleza. Sasa mashirika mengi ya ndege duniani yana mifumo ya kompyuta inayomwezesha mhudumu kubadilishana safari na mwenzake, kuiachia safari yake au kuchukua ya mwingine, bila kumwona ofisa yeyote.

Marekani ni nchi ambako utaratibu huu umekomaa sana. Umewapa wafanyakazi nafuu kubwa, na mara chache ukayapa mashirika hasara ya kutisha. Wakati mashirika ya Afrika Mashariki yanaongeza ndege na vituo, yapo ya kujifunza huko kabla hatujayajifunza kwa fedha za abiria wetu.

Kama upatu, lakini angani

Aliyewahi kucheza upatu hahitaji kuelezwa sana. Kama zamu yako ya kupokea ni Machi na ada ya mtoto inadaiwa Januari, unazungumza na mwenye zamu ya Januari, mnakubaliana, mnamwambia kijumbe, naye anaandika. Kila mwezi bado una mpokeaji mmoja, na hakuna mwezi uliobaki bila mtu.

Kubadilishana zamu za ndege hufuata hesabu hiyo hiyo. Kila mwezi wahudumu huomba safari wanazozitaka kwa mwezi unaofuata, na katika mashirika ya Marekani mwenye miaka mingi kazini ndiye hupewa kwanza. Ratiba ikishatoka, mama mwenye mtoto mdogo aliyepangiwa kulala ugenini siku tatu anaweza kutafuta mwenzake mwenye safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mwingine anayetafuta fedha anachukua safari zaidi, kwa sababu wahudumu wengi wa Marekani hulipwa zaidi kwa saa za ndege kuwa safarini kuliko kwa kukaa uwanjani.

Kazi ya kijumbe hufanywa na kompyuta. Kabla ya kukubali mabadiliko, inapaswa kuuliza maswali kadhaa. Je, huyu amefunzwa kuhudumu katika aina hiyo ya ndege? Hati yake ya kusafiria na viza vinamruhusu kuingia nchi hiyo? Amepumzika vya kutosha? Marekani, tangu kanuni iliyotolewa Oktoba 2022, mhudumu lazima apate mapumziko ya saa 10 mfululizo kati ya zamu na zamu. Awali zilikuwa saa 9, na ziliweza kupunguzwa. Jibu moja likiwa hapana, mabadiliko hayapiti hata kama wawili hao wamekubaliana.

Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: baada ya mabadiliko haya, kila safari bado ina mtu?

Kwa nini mtu mmoja anasimamisha ndege

Abiria wengi humchukulia mhudumu kuwa mtu wa kugawa chai na soda. Kisheria, yupo ndani ya ndege kwa ajili ya usalama: kufungua milango ya dharura, kuzima moto na kuwatoa watu nje haraka. Marekani na Ulaya hutumia kipimo cha mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na kipande kinachozidi huhesabiwa kama 50 kamili.

Chukua ndege za viti 76, kama Q400 za Air Tanzania au CRJ900 za Uganda Airlines. Kwa kipimo hicho, ndege ya ukubwa huo inahitaji wahudumu wawili. Mmoja asipotokea na wa akiba hayupo, injini nzima, mafuta tele na rubani aliye tayari havisaidii kitu. Abiria wote 76 watabaki chini.

Shirika lenye mamia ya ndege huwa na wahudumu wengi wa akiba wanaosubiri kuitwa. Shirika lenye ndege chache lina akiba ndogo, na pengo la mtu mmoja huonekana mapema.

Siku kompyuta ilipogawa likizo

Desemba 2017 shirika la American Airlines liligundua kuwa mfumo wake wa kubadilisha zamu umewaruhusu marubani wengi kuziachia safari zao za kipindi cha Krismasi. Kompyuta ilikuwa ikionesha kwamba marubani wa akiba wapo wa kutosha, wakati hawakuwapo. Chama cha marubani kilitaja safari zipatazo 15,000 za nusu ya pili ya mwezi huo zilizobaki bila rubani kamili.

Hao walikuwa marubani, lakini mfumo wa wahudumu hufanya kazi kwa misingi ile ile. Aliyeomba kupumzika hakuvunja kanuni. Aliuliza, kompyuta ikamkubalia. Shirika lilitangaza malipo ya mara moja na nusu kwa watakaorudi kazini, chama kikalalamika kuwa hakikushirikishwa, na baada ya mazungumzo safari karibu zote zikapata watu. Bili ililipwa na shirika.

Kosa la aina hiyo lilijirudia kwa shirika hilo hilo mwanzoni mwa Julai 2022. Kwa saa chache za usiku mfumo uliwaachia marubani kuondoa safari zao, na chama kikasema zaidi ya safari 12,000 za mwezi huo ziliathirika. Safari hiyo makubaliano yalifikia malipo mara mbili.

Katika visa vyote viwili, tatizo halikuwa watu kubadilishana zamu. Anayebadilishana hutoa safari moja na kupokea nyingine, na hesabu inabaki sawa. Tatizo lilikuwa kuachia: safari kutoka mikononi mwa mmoja kabla haijaingia mikononi mwa mwingine. Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hatari hiyo. Huwezi kumwachia dereva mzigo wako kwa maneno kwamba wakala upande wa pili atautafuta. Unataka jina na namba ya simu, na uthibitisho kuwa ameupokea.

Kompyuta isipojua watu wako wapi

Desemba 2022 ilileta somo la pili. Dhoruba ya baridi kali iliyapiga mashirika yote ya Marekani, lakini mengine yalisimama tena baada ya siku chache. Southwest Airlines iliendelea kuanguka. Ilifuta safari karibu 16,900 na kuwakwamisha abiria zaidi ya milioni mbili.

Wahudumu na marubani walikuwapo, tena wengi wakiwa tayari kufanya kazi, ila walikuwa katika miji tofauti na ndege zao. Mfumo wa ratiba ulilemewa na mabadiliko mengi kwa wakati mmoja, na maofisa wakarudi kupanga watu kwa simu. Wahudumu walikaa kwenye laini kwa saa nyingi wakisubiri kuambiwa waende wapi. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ililitoza shirika hilo adhabu ya dola milioni 140, sehemu kubwa ikiwa ni kwa ajili ya fidia ya abiria wa baadaye.

Anayenunua mfumo mpya wa zamu akiutazama siku ya kawaida hajautazama. Siku ya kuupima ni ile ambayo uwanja umefungwa na kila mtu anataka kubadilisha kwa pamoja.

Ulanguzi wa zamu

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara watalitambua haraka. Penye kitu adimu hapakosi mlanguzi. Safari nzuri za wikiendi au za miji inayopendwa huwaangukia wenye miaka mingi kazini, na baadhi yao wamewahi kuzichukua bila nia ya kuzifanya, ili wawauzie wenzao wadogo. American Airlines ilipiga marufuku biashara hiyo kati ya wahudumu wake.

Kanuni ya kuzuia ulanguzi inalinda kitu cha maana. Mfumo wa kubadilishana zamu uliletwa ili mama mwenye mgonjwa nyumbani apate siku yake. Ukigeuka soko, siku hiyo ataipata mwenye fedha.

Afrika Mashariki ijiandae vipi?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chombo chake cha kusimamia usalama wa anga, CASSOA, chenye makao Entebbe, ambacho husaidia nchi wanachama kuoanisha kanuni. Saa za kazi na mapumziko ya wahudumu zimo katika kanuni za anga za kila nchi. Shirika linaloleta mfumo mpya wa zamu lazima kwanza liziingize kanuni hizo ndani ya kompyuta, ili mhudumu aliyechoka asiweze kujiongezea safari kwa kubonyeza kitufe.

Pia liwashirikishe wahudumu wenyewe tangu mwanzo. Wao ndio wanaojua ni zamu zipi zinagombaniwa na zipi zinakimbiwa. Mfumo ulioshushwa kutoka juu utakwepwa, na watu watarudi kupatana pembeni bila ofisi kujua nani yuko wapi. Ni vyema pia kuanza na kundi dogo, kwa mfano wahudumu wa aina moja ya ndege, na kuepuka miezi ya sikukuu.

Kwa msomaji wetu, hasara ya safari iliyofutwa hutegemea njia. Ya Entebbe kwenda Nairobi ikifutwa, basi la kupitia Busia au Malaba lipo. Ya kwenda Guangzhou haina basi. Siku mbili zikipotea, zinaweza kula viza, miadi na kiwanda, na nafasi ya mzigo kwenye kontena unalochangia na wenzako.

Kwa hiyo usipange kufika siku ile ile ya miadi, hasa Desemba. Acha walau siku moja katikati. Ndege ikifutwa au kuchelewa, omba sababu kwa maandishi na utunze risiti za hoteli, chakula na tiketi mpya. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga nao, unalifanya shirika kuwajibika, hadi kiwango fulani, kwa hasara itokanayo na kuchelewa katika safari za kimataifa, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua kila hatua ya busara kuizuia. Dhoruba ni utetezi unaoeleweka. Pengo la mhudumu lililotokana na ratiba ya shirika lenyewe ni gumu zaidi kulitetea.

Mhudumu aliyepata siku ya kumwuguza mzazi wake hatarudi kazini kesho akiwa amenuna, na abiria ananufaika na hilo. Hakuna sababu ya mfanyabiashara kuuogopa mfumo wa kubadilishana zamu. Anachostahili kudai ni kile kile anachomdai kijumbe wa upatu: watu wabadilishane wanavyotaka, ila daftari lisiwe na mstari usio na jina.