Kunoa na Kuchanganya Modeli za Picha kwa Ajili ya Vielelezo vya Darasani

Makala hii inakusudia kuwaeleza walimu na wanachuo jinsi modeli ya akili mnemba ichorayo picha inavyoweza kunolewa, na kuchanganywa na nyingine, ili itoe vielelezo vinavyofaa kufundishia.

Modeli iitwayo Stable Diffusion ilipotolewa kwa umma mwezi Agosti 2022, watu wengi walipata chombo walichoweza kukiendesha na kukibadilisha katika kompyuta zao wenyewe. Lakini modeli hiyo ilifunzwa kwa picha za intaneti ambazo maelezo yake yalikuwa kwa sehemu kubwa ya Kiingereza. Huchora vizuri yale iliyoyaona mara nyingi. Tuchukue mfano wa mbuzi ya kukunia nazi. Mwalimu akitafsiri neno "mbuzi" bila kueleza zaidi, atapata mnyama. Akieleza kifaa chenyewe, huenda akapata kibao kisichokalika au chuma kisicho na meno. Mtoto aliyekulia mbali na minazi hana cha kulinganisha na picha hiyo. Atalichukua kosa kuwa ndiyo elimu.

1. Kunoa modeli

Kunoa ni kuendeleza mafunzo ya modeli kwa picha chache zilizochaguliwa. Mwaka 2022 watafiti wa Google na wenzao walieleza njia iitwayo DreamBooth, ambayo huhitaji picha 3 hadi 5 tu za kitu kimoja. Kitu hicho hupewa jina lisilo la kawaida, ili lisigongane na neno ambalo modeli inalijua tayari. Kadhalika, modeli huendelea kuonyeshwa vitu vingine vya jamii hiyo, isije ikavisahau.

Njia nyingine ni LoRA, iliyoelezwa na watafiti wa Microsoft mwaka 2021 kwa modeli za lugha, kisha ikatumika kwa picha. Hapa namba za modeli ya awali haziguswi. Jedwali la namba lenye safu 1,000 kwa 1,000 lina namba 1,000,000. Badala ya kuzibadilisha zote, tunafunza majedwali mawili membamba, moja la 1,000 kwa 8 na jingine la 8 kwa 1,000, yaani namba 16,000 tu. Zao la majedwali hayo hujumlishwa na jedwali la awali. Ndiyo sababu faili lake huwa dogo.

Uteuzi wa picha ndio wenye uzito zaidi. Mbuzi ikipigwa picha daima juu ya mkeka uleule, modeli itadhani mkeka ni sehemu ya mbuzi. Hapana budi picha zipigwe pande mbalimbali, mahali mbalimbali, na maelezo yautaje mkeka pale ulipo. Tena mafunzo yakizidi, modeli hukariri: hurudia picha zilezile, wala haiwezi kumchora mtu mwingine akikuna nazi.

2. Kuchanganya modeli

Pengine tunayo modeli moja ijuayo vifaa vya nyumbani, na nyingine ichoraye kwa mistari myeusi inayofaa kurudufiwa. Kuchanganya ni kutafuta wastani wenye uzani. Ikiwa namba fulani katika modeli ya kwanza ni 0.40, na katika ya pili ni 0.80, nasi tukaipa ya pili uzani wa 0.3, basi:

0.40 × 0.7 + 0.80 × 0.3 = 0.52

Hesabu hiyo hufanywa kwa kila namba. Sharti modeli zote mbili ziwe na muundo mmoja, na ni bora ziwe zimetokana na modeli mama moja. La sivyo, wastani hauna maana. Mchanganyiko haukusanyi tu ujuzi wa pande zote: kila upande hupoteza kitu. Mistari yaweza kupendeza, ilhali meno ya mbuzi yametoweka.

3. Kupima

Kwa hiyo tunashauri jaribio la haki. Maelezo yawe yaleyale, na namba ya mbegu, ambayo huamua picha ianzie wapi, iwe ileile. Kibadilike kitu kimoja tu, yaani uzani: 0.2, 0.4, 0.6, kisha 0.8. Picha zipangwe mezani kwa mfuatano, na wanachuo waandike penye kila picha kilicho sahihi na kilichopotoka. Inafaa awepo mtu anayekitumia kifaa hicho kila siku, kwani jicho lake litaona kosa ambalo mwalimu hakuliona.

Picha za kunolea zipatikane kwa idhini ya wenyewe. Nyuso za wanafunzi zisitumike, kwa kuwa modeli iliyokariri uso yaweza kuutoa tena mahali pasipostahili. Na pale ambapo mbuzi yenyewe inaweza kuazimwa kwa jirani, mwalimu ailete darasani, watoto waikalie na kukuna nazi. Picha ifanye kazi pale ambapo kifaa hakipatikani.