Sindano ya Kila Mwezi: Kuishi na Vali za Moyo Zilizoharibika

Mtu akisema ana ugonjwa wa moyo, wengi wetu humfikiria mzee mwenye presha. Lakini ukifika kliniki ya moyo katika hospitali ya rufaa, kando ya mzee huyo utamkuta mwanafunzi aliyevaa sare ya shule, na karibu naye mama wa umri mdogo aliyebeba mtoto mgongoni. Mara nyingi wawili hawa wanaugua ugonjwa mmoja: vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Makala haya ni yao, pamoja na jamaa wanaoishi nao.

Ugonjwa huu huanzia kooni. Mtoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, huumwa na koo kwa sababu ya bakteria waitwao streptokoka. Koo hupona, watu husahau. Wiki mbili au tatu baadaye mwili, ambao ulikuwa ukipigana na bakteria hao, huanza kushambulia viungo vyake wenyewe. Goti huvimba, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, na homa hupanda. Nyumbani husemwa kwamba mtoto anakua, au ana malaria. Maumivu ya viungo huisha bila kuacha alama, lakini moyoni kovu hubaki. Vali ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma. Ikiwa na kovu, hukaza isifunguke vizuri au huvuja, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi kila siku.

Kila mara koo linaposhambuliwa tena na bakteria hao, homa inaweza kurudi na kuongeza kovu juu ya kovu. Hiyo ndiyo sababu ya sindano.

Sindano isiyoondoa kovu

Sindano hiyo ni ya benzathini penisilini, na hudungwa kila baada ya wiki tatu au nne kulingana na maagizo ya daktari. Haitibu vali iliyokwisha kuharibika. Kazi yake ni kuzuia maambukizi mapya ya koo ili uharibifu usiendelee. Hapa ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu mgonjwa hujisikia vizuri, anacheza mpira, analima, anabeba maji, na haoni kwa nini aendelee kudungwa. Lakini kujisikia vizuri hakumaanishi vali imepona. Dawa hiyo hupungua mwilini kadiri wiki zinavyopita, na ukichelewa siku kumi, hizo ni siku kumi ambazo koo halina mlinzi.

Huduma hii huendelea kwa miaka mingi. Aliyepata homa bila moyo kuguswa huendelea kwa angalau miaka mitano au hadi awe mtu mzima. Mwenye vali zilizoharibika huendelea muda mrefu zaidi, pengine hadi miaka 40, na wengine maisha yao yote. Anayeamua kuacha ni daktari baada ya kupima moyo, si mgonjwa wala jirani.

Tusifiche kwamba sindano hii inauma. Dawa ni nzito na hudungwa polepole kwenye tako au paja. Mwombe muuguzi asiharakishe, na uulize kama inaweza kuchanganywa na dawa ya ganzi. Usiende na njaa. Kunywa maji kwanza, lala kitandani unapodungwa, kisha ubaki hapo kwa muda kabla ya kusimama. Kwa mtu ambaye vali zake zimeharibika sana, anayehema hata akiwa ameketi au anayezirai, tahadhari ni kubwa zaidi: mwili wake unaweza kushindwa kustahimili mshtuko wa sindano yenyewe. Mwaka wa 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri kwamba wagonjwa wa aina hiyo wafikiriwe kupewa tembe badala ya sindano. Jadiliana na daktari wako kuhusu jambo hilo. Mzio mkali wa penisilini upo, ingawa ni nadra, na mwenye mzio huo hupewa dawa nyingine.

Wanafunzi wa bweni ndio hukosa sindano kwa urahisi zaidi. Tarehe huangukia katikati ya muhula, mtoto huona haya kuomba ruhusa, na mwalimu hajui lolote. Mzazi, kabla ya shule kufunguliwa andika tarehe zote za muhula, mpe nakala mwalimu wa darasa na anayesimamia afya shuleni, na uulize zahanati iliyo karibu na shule kama ina dawa hiyo. Mtoto abebe kadi yake ya kliniki. Kadi ikiachwa kwenye kabati nyumbani, muuguzi asiyemjua atasitasita kumdunga, na hatakuwa na kosa.

Wanaotumia warfarini

Baadhi ya wagonjwa, hasa waliowekewa vali ya chuma au ambao mapigo ya moyo yao hayana mpangilio, hutumia tembe za warfarini ili damu isigande moyoni na kusababisha kiharusi. Ikiwa kidogo haisaidii, ikizidi mtu hutokwa na damu. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa wengi kiwango kinachotakiwa ni kati ya 2 na 3. Kwa baadhi ya wenye vali ya chuma ni juu kidogo. Jua kiwango chako, na kila unapopimwa andika matokeo kwenye kadi.

Utasikia kwamba anayetumia warfarini haruhusiwi kula sukuma wiki. Si kweli. Sukuma, managu, terere na kunde zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Ukizoea mboga kila jioni, endelea, na kipimo cha dawa kitapangwa kwa kufuata chakula chako. Hatari ni kuacha mboga mwezi mzima wa kiangazi kisha kuzila kwa wingi mvua zikija.

Hatari kubwa kuliko mboga iko kwenye duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua mgongo ukiuma, zinaweza kukufanya utokwe na damu tumboni ukiwa kwenye warfarini. Asprini vilevile, isipokuwa daktari wa moyo ndiye aliyekuandikia. Sema "natumia warfarini" kabla hujasema unaumwa wapi. Dawa za mitishamba zinahitaji tahadhari hiyohiyo, kwa kuwa nyingi hazijulikani zinavyochanganyika nayo. Ukiona choo cheusi kama lami, damu ya fizi isiyokoma, au ukipata maumivu makali ya kichwa baada ya kuanguka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tembe mpya za kuzuia damu kuganda zipo na hazihitaji kipimo cha INR. Lakini utafiti uliofanywa katika nchi nyingi na kutangazwa mwaka wa 2022, ukihusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa vali za aina hii wenye mapigo yasiyo na mpangilio, uligundua kwamba waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia tembe mpya ya rivaroksabani. Usibadilishe dawa kwa ushauri wa rafiki.

Kabla ya kubeba mimba

Wanawake wengi hugundua kwamba vali zao zimekaza wakiwa wajawazito. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo uliokuwa ukijikaza kimyakimya hushindwa. Maji hujaa kwenye mapafu, na mama huanza kukohoa usiku na kulala akiwa ameketi. Watu wakidhani ni uchovu wa mimba tu, mama anaweza kufariki.

Ikiwa tayari unajua una tatizo la vali, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba. Wengine hujifungua salama wakifuatiliwa vizuri. Wengine hushauriwa vali itengenezwe kwanza. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa hiyo ukikosa hedhi nenda kliniki mara moja. Usiache dawa wewe mwenyewe, kwani vali ya chuma inaweza kuziba. Baada ya kujifungua, warfarini haimzuii mama kunyonyesha. Kwa kupanga uzazi, vipandikizi vya mkononi hufaa kuliko tembe zenye homoni ya estrojeni, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda. Panga kujifungulia hospitali yenye daktari bingwa, na usikimbilie kutoka: siku chache za kwanza baada ya kujifungua ni za hatari kwa moyo.

Meno, miguu na malipo

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na mwambie daktari wa meno kuhusu moyo wako kabla ya kung'olewa jino, maana bakteria wa kinywani wanaweza kuingia kwenye damu na kukaa kwenye vali. Homa isiyoisha kwa siku kadhaa ipimwe damu kabla ya kumeza antibiotiki.

Miguu ikivimba, ukihitaji mito zaidi ili ulale, au uzito ukipanda kilo mbili kwa siku tatu, usingoje tarehe ya kliniki. Punguza chumvi, pamoja na ile iliyo ndani ya viungo vya mchuzi vya pakiti.

Kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hufanywa kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu. Huduma katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi, lakini upasuaji na kulazwa katika hospitali kubwa huhitaji michango iwe imelipwa. Wasio na ajira rasmi hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Ulipe kabla ya barua ya rufaa kuandikwa.

Na kama mmoja nyumbani ana ugonjwa huu, watoto wengine wanaolala chumba kimoja naye wasiachwe na koo linalouma. Kukata kimio hakusaidii. Mtoto mwenye homa na koo linalouma, hasa asipokuwa na mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati akaguliwe. Antibiotiki ikianzishwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya baridi yabisi.