Kuwekwa Mtandaoni si Kugawiwa Bure: Fahamu Hakimiliki Kabla ya Kunakili

Msimu wa bonasi ya majanichai unapofika, simu za wakazi wa Sotik hujaa habari. Mmoja hunakili makala nzima kutoka tovuti ya gazeti na kuibandika kwenye ukurasa wake wa Facebook. Mwingine huchukua picha ya wachumaji majani, hukata jina la mpiga picha lililo pembeni, kisha huitumia kutangaza miche anayouza. Kijana wa video naye huweka wimbo wa msanii wetu nyuma ya tangazo la duka. Ukiwauliza, jibu ni moja: “Si nimeipata kwenye mtandao?”

Mtandaoni, ndiyo. Lakini aliyeianika nguo yake nje hajasema ni ya yeyote apitaye. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi ya mtu tangu inapoandikwa, inapopigwa picha au kurekodiwa. Mwenyewe halazimiki kuisajili kwanza, wala kuiwekea alama yoyote. Kwa hivyo picha isiyo na jina bado ina mwenyewe, hata kama humjui.

Kinacholindwa na kisicholindwa

Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala si habari yenyewe. Kiwanda kikitangaza kwamba wakulima watalipwa kiasi fulani kwa kilo, kiasi hicho si mali ya gazeti lililokichapisha kwanza. Una ruhusa ya kukiandika kwa maneno yako mwenyewe. Usichoruhusiwa ni kunakili makala ya mwandishi neno kwa neno, au picha iliyoambatana nayo, kana kwamba ni yako.

Maandishi ya sheria za nchi na hukumu za mahakama hayana hakimiliki, kwa hivyo unaweza kuyanakili na kuyasambaza. Lakini usidhani kwamba kila kitu kilichotoka serikalini kiko hivyo. Kazi za serikali pia zina hakimiliki.

Ulinzi huu una kikomo. Kitabu, makala au wimbo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki kumalizika. Picha hulindwa kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, kutegemea ni lipi lililotokea baadaye.

Mlango ulioachwa wazi

Sheria haikukusudia kumfunga mwanafunzi au mwanahabari mikono. Imeacha mlango unaoitwa matumizi ya haki. Unaweza kutumia sehemu ya kazi ya mwingine bila kumwomba ikiwa ni kwa utafiti wa kisayansi, matumizi yako ya kibinafsi, uhakiki, au kuripoti matukio ya sasa, mradi utaje ulikoitoa. Anayeandaa mkusanyo wa masomo kwa ajili ya shule anaruhusiwa kuingiza vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, akitaja jina la kazi na la mtunzi.

Hapa ndipo wengi wanapopotoshwa na ushauri wa mtandaoni. Mwingi wa ushauri huo huandikwa Marekani, ambako mahakama hupima mambo kadhaa na kuamua kama matumizi yalikuwa ya haki, hata kama lengo lake halikutajwa kwenye sheria. Sheria ya Kenya imeorodhesha malengo yanayokubalika. Ikiwa lengo lako halimo, mlango huo si wako. Vilevile, sheria yetu haisemi popote kwamba sekunde kumi za wimbo au asilimia kumi ya kitabu ni halali. Hizo ni hadithi za mitandaoni.

Mfano: ukicheza kipande cha wimbo mpya wa Kikalenjin ili ueleze ubora na kasoro zake, huo ni uhakiki. Ukiweka wimbo huohuo kwenye video ya kampeni au tangazo la biashara, unahitaji idhini, hata kama umeandika jina la msanii kwa herufi kubwa. Kumtaja mwenyewe ni wajibu, lakini si idhini.

Wimbo uliotoka hapa na kuzunguka dunia

Somo hili lina mfano wa karibu na nyumbani. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, ng’ambo tu ya mpaka wetu na Kericho, na kuwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu “Chemirocha”. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na zimesikilizwa kote duniani. Nakala zililetwa kwa watu wa huku zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba kazi moja yaweza kuwa na haki za watu kadhaa. Kuna haki ya aliyerekodi, ya aliyetunga, ya aliyeimba, na pia ya jamii ambayo utamaduni wake umo ndani ya wimbo. Katiba, kifungu cha 11, inaagiza kuwe na sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2016, na imezipa serikali za kaunti jukumu la kusajili maarifa na sanaa za jadi zinazopatikana katika maeneo yao. Wazee na vikundi vyenye nyimbo, ngano au ufundi wa jadi wanahimizwa kuulizia usajili huo katika idara ya utamaduni ya kaunti.

Aliye ndani ya picha naye ana haki

Hata mpiga picha akikuruhusu, mkumbuke anayeonekana kwenye picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda. Mwaka 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule zetu zinazotangaza matokeo na hafla kwenye Facebook ziitafute idhini hiyo mapema, tena kwa maandishi.

Kabla ya kubonyeza “chapisha”

Jiulize nani aliyeitengeneza kazi hii. Ikiwa humjui, mtafute au uachane nayo.

Angalia kama mwenyewe ametoa leseni ya wazi, na usome masharti yake. Baadhi huruhusu matumizi ya kielimu lakini hukataza biashara.

Omba idhini. Idhini ya kawaida yaweza kutolewa hata kwa mdomo, lakini hifadhi ujumbe wa simu au barua pepe kama ushahidi. Anayekupa haki ya kuitumia peke yako, au anayekuuzia hakimiliki yenyewe, lazima aandike.

Badala ya kubandika makala nzima, andika muhtasari wako mfupi na uweke kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti yenyewe.

Njia rahisi kuliko zote ni kupiga picha yako mwenyewe. Mashamba ya majanichai tunayo mlangoni.

Ukiibiwa kazi yako

Sheria inayomlinda mpiga picha wa Nairobi au London inamlinda pia kijana wa studio hapa Sotik. Ukikuta kazi yako imetumiwa bila idhini, piga picha ya ukurasa huo na uandike tarehe kabla haijafutwa. Mwandikie mhusika umtake aiondoe au alipe. Akikataa, mtandao wenyewe una fomu ya malalamiko, na tangu marekebisho ya 2019 sheria yetu inamruhusu mwenye hakimiliki kuwataka watoa huduma za intaneti wazuie kazi iliyoibwa. Waweza pia kulalamika kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, au kwenda mahakamani kudai fidia.

Usajili si lazima, lakini cheti cha KECOBO husaidia sana kuthibitisha kwamba kazi ni yako, na maombi hufanywa kupitia tovuti ya bodi hiyo.

Wapiga picha wa harusi na hafla wakumbuke jambo moja zaidi: mtu akikuajiri au akikuagiza umpigie picha, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitaka kuendelea kuzimiliki, elewaneni na muandike kabla ya kazi kuanza.